Boma limeishia lenta Msongola: fundi anasema milioni 14, shemeji anasema 30

Mwalimu wa Zamu

Habari za majukumu wakuu. Naombeni msaada wa hesabu, maana mimi mwenyewe nafundisha hesabu darasa la sita na hii imenishinda.

Tuna boma Msongola. Tulianza 2018, tukasimama 2019 baada ya kumwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango. Mzee, yaani mume wangu, akahamishiwa Songea, mtoto wa kwanza akaingia bweni, mambo yakawa mengi. Tangu hapo kazi yangu kule ni kufyeka nyasi. Mwezi uliopita nimekuta mpapai umeota katikati ya sebule, tena una mapapai manne.

Nyumba ni mita 11 kwa 10 kwa nje, tofali za nchi 6. Vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule na sehemu ya kulia, jiko, stoo na choo cha wote. Kwenye daftari langu hadi tunasimama tulikuwa tumetumia milioni 11 na laki 6.

Sasa nimemwita fundi yule yule aliyetujengea. Kazunguka dakika kumi, kajikuna kidevu, kasema, "Mwalimu, milioni 14 unahamia." Hakuwa na futikamba wala kalamu. Akaongeza kwamba tubadilishe ramani tufiche bati, ndiyo fasheni. Shemeji yangu mwenye nyumba Kibaha kacheka kwenye simu, kasema chini ya milioni 30 nisijidanganye. Mwalimu mwenzangu anasema boma ni nusu ya nyumba, kwa hiyo nichukue 11.6 nizidishe mara mbili basi. Watu watatu, majibu matatu. Mtoto akinipa majibu hayo namrudishia daftari.

Mfukoni nina 9,400,000, akiba yangu pamoja na hela ya kikoba. Nimepanga Gongo la Mboto, kodi 180,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba unaisha mwezi wa tatu. Roho inaniambia niingie hivyo hivyo, hata vyumba viwili tu. Nitajuaje hesabu ya kweli? Na je, kwa milioni 9 inawezekana kuhamia?

Goba Mwisho wa Lami

Uza boma, ongeza na hiyo 9, nunua iliyokwisha. Ujenzi wa awamu ni umaskini wa kujitakia.

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa ushauri. Ukipata iliyokwisha ya hela hiyo nitumie picha, na hati pia.

Fundi Mstaafu Pugu

Mwalimu, nimejenga miaka 31, sasa magoti hayapandi ngazi, nabaki kusoma humu. Nikuulize kabla sijajibu. Umesema mlisimama baada ya lenta. Kozi tatu za juu ya lenta, yaani mistari mitatu ya tofali, zimepandishwa? Jamvi, sakafu ya zege, limemwagwa au ndani ni kifusi? Mpapai hauoti kwenye zege, kwa hiyo jibu la pili nalijua. Shimo la choo lipo?

Nauliza kwa sababu watu wakisema "nimebakiza finishingi" wanakuwa na maana kumi. Fundi wako na shemeji yako huenda hawapingani. Kila mmoja anataja bei ya nyumba yake kichwani. Fundi anaona bati juu, lipu ndani, mlango wa mbele, basi mtu kahamia. Shemeji anaona vigae, gipsamu, aluminiamu, uzio na taa za sebuleni. Hizo ni nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Kwa hiyo kwanza andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, siku ya kuhamia unataka kukuta nini ndani. Andika mpaka komeo.

Hiyo ya kuzidisha mara mbili iache. Hela uliyotumia 2018 ilinunua saruji ya 2018. Na boma linaweza kuwa la bei rahisi kwa sababu kiwanja kilikuwa tambarare, la jirani likala hela kwa sababu msingi ulishuka kozi saba. Finishingi haijui hayo, yenyewe inahesabu mita za ukuta na mita za sakafu tu.

Chukua futikamba ya mita 30, sio ile ndogo ya mshona nguo, uchukue na mtoto wa kushika upande wa pili. Pima vitu vinne tu. Mzunguko wa nje: kwako ni 42. Jumla ya urefu wa kuta zote za ndani, kila ukuta mara moja. Urefu wa ukuta kwenda juu, kutoka litakapofika jamvi mpaka itakapoishia kozi ya mwisho. Halafu kila dirisha na kila mlango, upana kwa kimo. Ukishakuwa na hivyo, karibu kila kitu kinatoka humo.

Mfano bati, maana hilo naweza kukupigia sasa hivi. Nyumba 11 kwa 10, ongeza sentimita 60 za upenu kila upande, unapata 12.2 kwa 11.2. Hiyo ni mita za mraba 136 na ushee kwa chini. Paa limelala, kwa hiyo juu ni kubwa zaidi. Kwa mlalo wa nyuzi 25 zidisha 1.1, unapata 150. Paa la pande nne linakata bati kwa mshazari na vipande vinatupwa, ongeza asilimia 12. Unafika kama 170. Sasa muulize muuzaji bati lake likishapandana na mwenzake linafunika upana gani. Likifunika sentimita 90, gawanya 170 kwa 0.9, ni mita 189 za bati, sema 190. Mtu akikuletea orodha ya mita 240, muulize nyumba ya pili iko wapi.

Kuhusu kuficha bati. Ukificha unaongeza ukuta juu ya ukuta. Mzunguko wako wa mita 42 unakula tofali kama 91 kila kozi, na ukuta wa kuficha hauwi chini ya kozi nne. Hizo ni tofali 365, na lipu pande zote mbili, na mfereji wa ndani. Mfereji huo ukikosea kidogo tu maji yanaingia sebuleni, sio nje. Nimetengeneza mengi ya wenzangu. Fasheni aifanye mwenye hela ya kurudia.

Halafu boma lenyewe likague kabla ya bei. Miaka yote hiyo limenyeshewa. Angalia kozi ya juu kabisa kama tofali zinamomonyoka ukizikwangua na msumari. Angalia chini ya lenta kama kuna nondo imechungulia ikashika kutu. Penye ukungu mweusi patapigwa brashi ya waya mpaka tofali lionekane, vinginevyo lipu itabanduka kama ganda la mkate. Hilo fundi wako hakuliweka kwenye milioni 14, nakuhakikishia.

Kivule kwa Mama Ntilie

Dada, mimi ndiye yule aliyeingia hivyo hivyo. Nisikilize.

Tulihamia vyumba viwili. Bati lilikuwepo, lipu hakuna, dari hakuna, madirisha tumeziba na turubai la bluu. Siku ya kwanza nililala kwa furaha sana. Siku ya pili nikajua kwamba bati bila dari saa nane mchana ni jiko la mkaa, na mvua ikinyesha huwezi kusikilizana na mumeo. Pengine hilo la mwisho lilitusaidia.

Shida haikuwa joto. Shida ilikuja tulipoanza kupiga lipu tukiwa ndani. Kitanda, kabati, jiko la gesi na vyombo vyote vinahamia chumba cha pili, fundi anamaliza, mnasubiri kukauke, mnarudi, anaanza kingine. Mara tatu tumehama ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwanangu ana pumu, vumbi la saruji likampeleka hospitali mara mbili. Na fundi anakuja kwa chumba kimoja kimoja, kila akija ni bei mpya na nauli ya saidia fundi. Nikipiga hesabu leo, lipu ile tuliilipia kama nyumba na robo.

Lakini sisemi uongo, kodi sijalipa tena na hilo sijutii. Kama ungeniuliza kitu kimoja tu: usihamie kabla ya jamvi na lipu ya ndani kuisha nyumba nzima. Dari unaweza kusubiri. Vigae vinaweza kusubiri hata miaka mitano, mimi nina niru nyekundu, saruji laini ya kusugua sakafuni, na inang'aa kuliko vigae vya jirani. Ila lipu na jamvi wafanye nyumba ikiwa tupu.

Na choo! Mzee wa Pugu peke yake ndiye kakiulizia. Tulichimbiwa shimo tukiwa tayari tumehamia. Wiki mbili kwa jirani, na ndoo.

Mama Hadiwea

Mimi niko upande wa pili wa meza, nauza vifaa vya ujenzi. Nisije nikaharibu biashara ya wenzangu, lakini mwalimu kafundisha wanangu wote kwa namna moja au nyingine.

Fundi akikuleta dukani kwangu mkanunua, jioni anarudi peke yake. Anakuja kuchukua cha juu chake. Na hicho cha juu kimo kwenye bei uliyolipa asubuhi. Sio mafundi wote, ila wako wa kutosha. Kwa hiyo orodha aandike fundi, dukani nenda mwenyewe, na uende matatu. Usiseme fundi wako ni nani.

Usinunue saruji ya kuweka. Najua watu wanaona bei nzuri wananunua mifuko 50 wanapanga chumbani. Miezi mitatu baadaye inaanza kushika mabonge, nguvu imepungua, na fundi anaipondaponda anaendelea nayo. Saruji nunua wiki ya kazi. Mbao pia usizirundike juani, zinapinda. Bati ndilo la kununua lote mara moja, kwa sababu rangi ya mzigo huu na ya mzigo ujao hazifanani hata kama jina ni lile lile, na juu ya nyumba inaonekana kiraka.

Geji, yaani namba ya unene wa bati: watu wanachanganya. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 30 ni jembamba kuliko 28. Ukiona bei imeshuka ghafla, ndipo unapotakiwa kuuliza geji, na uiandikishe kwenye risiti.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wa Pugu. Mungu akubariki, na wewe dada wa Kivule, na mama. Jana Jumamosi nimekwenda na mwanangu wa pili na futikamba ya kuazima. Majibu ya maswali kwanza: kozi tatu za juu hazijapandishwa. Jamvi hakuna, kifusi tu. Shimo hakuna.

Kuta za ndani jumla mita 38. Kimo nimeweka mita 3. Madirisha makubwa sita ya mita 1.5 kwa 1.5, madogo matatu ya sentimita 60 kwa 60. Milango ya nje miwili, ya ndani saba.

Kozi tatu: nimejumlisha 42 na 38 nikapata mita 80 za ukuta. Tofali na udongo wake ni kama sentimita 46, kwa hiyo kozi moja 174, kozi tatu 522. Wiki hii tofali nchi 6 nimepewa 1,500 hadi site.

Lipu: kuta za nje 42 mara 3 mara pande mbili, 252. Za ndani 38 mara 3, 114. Jumla 366. Kabla sijatoa milango na madirisha. Ni sahihi?

Tofali za kozi ya juu iliyopo, ile ya chini ya lenta, nilizikwangua kama ulivyosema. Upande wa magharibi mbili zimetoka unga. Chini ya lenta ya jikoni kuna nondo imechungulia, urefu kama rula ya mtoto.

Fundi Mstaafu Pugu

Marahaba mwalimu. Hesabu yako ina kosa moja na ni kosa ambalo hata mafundi hulifanya, wengine kwa makusudi mwanzoni, halafu lipu ikifika katikati wanakwambia saruji imeisha. Ukuta wa ndani nao una pande mbili. Chumba hiki na chumba kile. Kwa hiyo 38 mara 3 mara 2, ni 228. Jumla 480.

Toa matundu. Madirisha na milango ya nje ni kama 18.4, kwa pande mbili 36.8. Milango saba ya ndani, ukichukua sentimita 90 kwa mita 2.1, ni 13.2, pande mbili 26.5. Toa kama 63, unabaki na 417. Mashavu ya madirisha yanarudisha kidogo, andika 425.

Fundi anayejua kazi, akichanganya saruji moja kwa mchanga nne, unene wa milimita 15, mfuko mmoja unampa mita 8. Hiyo ni mifuko 54. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, mfuko unampa 6, kwa sababu ukuta wake wa kwanza ulipinda na anaunyoosha kwa lipu. Hiyo ni 71. Tofauti ya mifuko 17 umelipia timazi ambayo hakuitumia. Chukua kamba, ivute kutoka kona hadi kona ya ukuta wa sebule, uone inaachia wapi. Ikiachia zaidi ya kidole, weka 65 kwenye bajeti.

Jamvi: eneo la ndani ni 110 toa nyayo za kuta, mita 80 mara 0.15, unapata 98. Unene nchi 3, ambayo ni karibu sentimita 8, unapata ujazo wa 7.8. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3 kwa kokoto 6 ni mifuko 35. Kabla ya jamvi, kifusi kishindiliwe kwa maji, dawa ya mchwa imwagwe na nailoni itandikwe. Msongola nawajua mchwa wake. Baada ya zege umechelewa.

Na bomba la choo na la maji taka ya jikoni lipite chini kabla ya jamvi. Bomba za umeme zipite ukutani kabla ya lipu. Nimeona nyumba nyingi watu wanachimba lipu mpya kuweka swichi. Huyo kalipa lipu mara mbili na bado kuta zina makovu.

Nondo ya jikoni: kwangua kutu na brashi ya waya, piga saruji nzito moja kwa mbili, haizidi nusu mfuko. Rula ya mtoto sio kitu. Ingekuwa lenta nzima ningekwambia tusiongee kuhusu bati. Zile tofali mbili zitolewe, zibadilishwe.

Kivule kwa Mama Ntilie

Mzee huyu angekuwepo 2016 ningekuwa na gari.

Mwalimu wa Zamu

Nimekaa na daftari siku nne, nimezunguka maduka Gongo la Mboto, Chanika na Mbande, na nimeita fundi mwingine wa kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na mwingine wa lipu. Bei ni nilizopewa mimi wiki hii, kila mtu ataona za kwake.

Kupandisha kozi tatu: tofali 525 kwa 1,500 ni 787,500. Saruji mifuko 10 kwa 16,000, mchanga 110,000, mkono wa fundi 210,000. Inafika 1,267,500. Hii fundi wa kwanza hakuitaja kabisa, nilipompigia akasema "hiyo ni boma mwalimu, sio finishingi". Mzee ulisema.

Kupaua: 2x4 za Mafinga zilizotiwa dawa, pisi 140 kwa 8,000. 2x2 pisi 110 kwa 3,800. Fishabodi, mbao za ukingo wa paa, 14 kwa 12,000. Bati geji 28 mita 190 kwa 15,500, hilo peke yake 2,945,000. Kofia za kufunika mgongo wa paa 20 kwa 14,000. Misumari ya aina zote 250,000. Mkono wa fundi wa kenchi 1,100,000, alianza na 1,600,000. Jumla 6,281,000.

Kwa hiyo mpaka bati liwe juu ni 7,548,500.

Halafu ile nyumba ya kuhamia niliyoiandika kwa mkono wangu mzee uliponiambia. Jamvi pamoja na kokoto, mchanga, dawa, nailoni na mkono: 1,665,000. Lipu nyumba nzima ndani na nje: 2,379,000, hapo nimeweka mifuko 54 kwa sababu kamba niliivuta na ukuta haukuachia kidole. Namshukuru huyo fundi wa kwanza kwa hilo, kumbe kujenga anajua, hesabu ndiyo hana. Grili za madirisha yote 765,000. Fremu tisa na milango miwili ya chuma ya nje 1,495,000. Mashimo, chemba na mabomba 1,900,000. Umeme ndani bila gharama ya kuunganishwa 1,350,000. Inakuja 9,554,000.

Nikijumlisha zote mbili ni 17,102,500. Na hapo hakuna dari, hakuna vigae, hakuna aluminiamu, hakuna rangi, vyumbani ni pazia badala ya mlango. Basi milioni 14 ilikuwa haifiki hata kwenye nyumba ya fundi mwenyewe. Na ya shemeji naanza kuielewa, maana nilipouliza vigae vya 60 kwa 60, boksi lina vinne, linafunika mita 1.44, nikahitaji maboksi 75 kwa 36,000. Nikafunga daftari, nikanywa chai.

Swali langu lilikuwa kama kwa milioni 9 naweza kuhamia. Siwezi. Ninachoweza ni kupaua. Zitabaki 1,851,500. Nilitaka kuanza jamvi na zile, mzee wa Songea akaniuliza swali la kiume: "Na fundi akisema mbao zimepungua?" Kweli, nikiweka akiba ya asilimia 10 ya hela yote ya mpaka bati liwe juu, laki 7 na nusu, jamvi halitoshi. Jamvi nusu sitaki.

Fundi Mstaafu Pugu

Umepiga vizuri. Nyumba iliyopauliwa inaweza kukusubiri miaka, kuta zinapumzika na mvua. Kenchi iliyosimama bila bati haisubiri hata msimu mmoja. Kwa hiyo usiruhusu mbao zipande kabla bati halijafika site. Fundi atakwambia aanze na mbao ili "asipoteze muda". Muda ni wake, mbao ni zako.

Malipo ya ule mkono wa 1,100,000: usimpe nusu kabla ya kazi. Mpe laki 2 ya kuanzia, nyingine kenchi zikisimama zote, nyingine bati likiisha, na laki 2 baki nayo mpaka mvua moja inyeshe. Akikataa hiyo ya mvua, umemjua.

Na mbao zinapopokelewa uwepo wewe au mtu wako, zihesabiwe zikiwa kwenye gari. Zikishuka chini zinachanganyika na nyasi.

Mama Hadiwea

Mwalimu, bati mita 190 kwa geji 28, ukilipa taslimu lote omba wakukatie kwa urefu wa paa lako, usichukue ya futi 10 ya kuunganisha. Viungo vichache, kuvuja kuchache. Fundi wa kenchi apime kwanza akiwa juu, ndipo oda iende. Sio ramani, ukuta wenyewe.

Goba Mwisho wa Lami

Nakiri. Hiyo 17 ni nyumba ya vyumba vitatu bila dari. Mimi nilinunua iliyokwisha na mwaka wa pili nikabadilisha paa lote. Endelea mwalimu.

Mwalimu wa Zamu

Basi nimelipa kodi ya miezi sita mingine, 1,080,000, kutoka mshahara na posho ya kusimamia mtihani, ya kupaua sijaigusa. Iliniuma kuliko bati.

Fundi wa kenchi anapanda Jumamosi hii kupima. Kakubali laki 2 ya mvua, kalalamika kidogo, kakubali. Rangi ya bati bado tunabishana na Songea, yeye anataka bluu ya timu yake ya mpira, mimi nataka rangi ya kahawia isiyoonyesha vumbi la Msongola. Anayelipa kodi ndiye atakayechagua.

Mpapai nimeukata leo mchana. Mapapai mawili popo walishayawahi, mawili nimekuja nayo Gongo la Mboto, bado yana utomvu.